Umbali Nao ni Adabu

Katika ukuta wa ofisi ya walimu wa shule moja niliyopata kufundisha, palitundikwa kwa miaka mingi picha ya kiota cha ndege wa maji chenye mayai manne. Wakaguzi waliisifu, wazazi waliisifu, na wanafunzi wa chama cha mazingira waliionea fahari kana kwamba mayai yale waliyataga wao. Picha hiyo niliipiga mimi. Leo, msomaji mpenzi, nataka kueleza lile ambalo picha ile haikusema, maadamu nimelinyamazia kwa muda mrefu kupita kiasi.

Ilikuwa mwaka 1996, asubuhi, katika Ziwa Naivasha. Mwaka uliotangulia, ziwa hilo lilikuwa limeingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, nami nikawapeleka wanafunzi kumi na wawili wakajionee kwa macho yao fahari hiyo. Nilikuwa na kamera ya filamu na lenzi ya milimita 200, ambayo machoni pangu ilikuwa ndefu mno. Tukamwona kibisi amelalia kiota chake kilichoelea, kimefungwa kwa matete. Kibisi ni ndege mdogo wa maji, mfupi, mnene, asiye na mkia wa kutajika, mwepesi wa kuzama hata ukadhani ziwa limemmeza. Nilimwomba mzee aliyetuendeshea mashua atusogeze. Akasogeza. Nikamwomba tena. Akasita, kisha akasogeza. Tulipofika kama mita nne hivi, kibisi alijitosa majini na kutoweka, nami nikapata nilichokitaka: mayai manne meupe, yaliyokwisha kuanza kugeuka rangi ya kahawia kwa madoa ya majani, wazi kabisa chini ya jua.

"Mwalimu," akasema yule mzee kwa sauti ya chini, "huyu ndege hufunika. Leo hakufunika."

"Hufunika nini, mzee wangu?"

"Mayai. Akiondoka kwa hiari yake huyafunika kwa majani. Leo amekimbia."

Nilimshukuru kwa maarifa hayo, nikaandika katika daftari langu, tukaondoka. Tulipopita pale saa moja baadaye, tulimkuta kunguru juu ya kiota. Wanafunzi walikuwa wakitazama upande wa pili, kwenye viboko. Mimi na yule mzee tuliona. Hakuniambia neno, na kimya chake kilinikemea kuliko maneno. Wahenga walinena kuwa mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mimi nilikuwa mtenda, na sikusahau.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nakusudia kuzungumzia lenzi ndefu, na sipendi mtu adhani nazungumzia anasa za matajiri. Aghalabu mtu akiiona lenzi yenye urefu wa mkono, imebebwa na mtalii kama kombora, hudhani kazi yake ni kumleta ndege karibu. Waama, hiyo ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba lenzi ndefu humwezesha mpiga picha kubaki mbali. Kila milimita inayoongezwa kwenye lenzi ni nafasi anayorudishiwa ndege.

Mwalimu wa hisabati asiharakishe kufungua ukurasa mwingine, maana jambo hili ni lake. Kibisi ana urefu wa sentimita 27 hivi. Ukimpiga picha kwa lenzi ya milimita 500 akiwa mita 30 kutoka kwako, taswira yake ndani ya kamera huwa na urefu wa milimita 4.5. Hesabu yenyewe ni ya pembetatu zinazofanana: urefu wa ndege mara urefu wa lenzi, gawanya kwa umbali. Sasa chukua lenzi yangu ya milimita 200. Ili kupata taswira ya ukubwa uleule, nililazimika kumkaribia kibisi hadi mita 12. Na kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, ambayo ndiyo iliyokuja na kamera nyingi za zamani, mita 3 tu. Ndege ni yuleyule, picha ni ileile, lakini katika mita 30 kibisi angali mwenyeji wa kiota chake, na katika mita 3 amekwisha kuwa mkimbizi. Kidato cha pili kinaweza kukokotoa hayo kwa dakika tano. Mimi, mwenye shahada, ilinichukua kiota kizima.

Wala si mimi wa kwanza kuhangaishwa na umbali. Ndugu wawili wa Kiingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai mwaka 1892, enzi ambazo kamera ilikuwa sanduku zito na lenzi fupi. Kwa kuwa hawakuweza kubaki mbali, walijificha karibu: walitengeneza hata ng'ombe wa bandia, ngozi juu na uwazi ndani, mpiga picha akajibanza humo huku ndege wakidhani ni mnyama anayechunga. Cherry Kearton ndiye aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1909 na kupiga picha za wanyama wetu. Twaweza kumcheka mtu aliyejitia tumboni mwa ng'ombe, lakini alikwisha kuelewa kwamba jukumu la kutomtisha ndege ni la mwenye kamera.

Mwingine aliyelipia umbali kwa mwili wake ni Leslie Brown, afisa wa kilimo wa Kenya aliyekuwa mtaalamu wa ndege. Mwaka 1954 alitaka kuvifikia viota vya heroe wadogo katika Ziwa Natron, Tanzania. Alijaribu kuvuka kwa miguu tope la magadi lililotapakaa kati yake na ndege hao. Magadi yalimbabua miguu vibaya, akalazwa hospitalini. Heroe walikuwa wamechagua mahali pale kwa sababu hapafikiki. Ndege akichagua kukaa mbali huwa ana hoja yake, na sisi tunapaswa kuisikiliza kabla ya kuvua viatu.

Hapa msomaji atauliza: je, mwalimu wa shule ya kutwa ataitoa wapi lenzi kama hiyo? Swali ni la haki. Lenzi ya milimita 600 yenye uwazi wa f/4 hudai kioo cha mbele chenye upana wa milimita 150, kwani namba hiyo ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa upana wa uwazi wake. Kioo kipana kiasi hicho, kilichosuguliwa bila dosari, hakitengenezwi kwa bei ya karanga. Lenzi mpya ya aina hiyo hushinda kwa bei gari dogo la mtumba. Mwalimu akiinunua, watoto wake watasoma kwa mwanga wa mwezi.

Lakini wapo walioifikia milimita 500 kwa njia ya uchochoroni, nami ni mmoja wao. Mnamo mwaka 1941, fundi wa elimu ya nuru wa Kisovieti, Dmitri Maksutov, alibuni namna ya kukunja njia ya mwanga kwa vioo vya kuakisi, ukipita mbele na kurudi nyuma ndani ya kopo fupi. Kutokana na ubunifu huo zilitengenezwa lenzi za milimita 500 na 1000 zilizouzwa kwa bei nafuu duniani kote. Mojawapo niliikuta kwa muuzaji wa vitu kuukuu jijini Nairobi, imevaa vumbi, shingo yake ina skrubu ya milimita 42 ambayo kamera za siku hizi hazina habari nayo.

Basi nikaenda kwa fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza vyuma. Nilimweleza shida yangu hivi: lenzi hii iliundwa ikae milimita 45 na nusu hivi mbele ya filamu. Kamera yangu ya dijitali, kwa kuwa haina kioo cha kuakisi ndani yake, inataka lenzi ikae milimita 18 tu mbele ya kihisi. Pengo lililobaki ni milimita 27 na nusu, nalo linahitaji bomba. Fundi alilitazama kopo langu, akaitazama kamera, akasema, "Niletee kile kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa kamera. Meno yake tayari yanashika. Mimi nitakitoboa, nikifunge kwa bomba la aluminiamu." Sikuwa nimewaza hilo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Bomba la kwanza lilizidi kwa milimita mbili. Sikujua hadi nilipofika ziwani: matete ya karibu yalionekana wazi, lakini kila kilichopita mita 125 kilibaki ukungu, hata ningezungusha lenzi namna gani. Mwalimu wa fizikia atanielewa. Milimita mbili nyuma ya lenzi ni ulimwengu mzima mbele yake. Fundi alipunguza, akapima, akapunguza tena, na mara ya tatu mlima wa ng'ambo ukasimama wima ndani ya kamera. Gharama yote, lenzi na bomba pamoja, haikufika mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Sitaki kuipamba lenzi hiyo kuliko inavyostahili. Uwazi wake ni f/8 na haubadiliki, hivyo mwanga wa alfajiri huitia njaa. Haijilengi yenyewe, ni vidole vyako na jicho lako. Vimulimuli vya jua majini, kwa sababu ya kile kioo kidogo kilichokaa katikati ya kopo, hutokea pichani kama vikuku vidogo vilivyotupwa nyuma ya ndege. Wajuzi huviona kuwa dosari, mimi nimevizoea. Na mtikisiko ndio adui mkuu. Kanuni ya wazee wa kazi hii yasema kasi ya kufungua na kufunga kamera isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, yaani kwa milimita 500, sehemu moja ya 500 ya sekunde. Kwa kamera yangu yenye kihisi kidogo, ambacho hukata kingo za taswira, mimi hutumia sehemu moja ya 1000. Dawa nyingine ni mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe, ukawekwa juu ya mlango wa gari au ukingo wa mashua, lenzi ikalala juu yake kama mtoto mgongoni. Safari ikiisha, maharagwe hurudi jikoni.

Kwa shule isiyo na kamera kabisa, iko njia iliyo rahisi zaidi. Mwaka 1999 Laurence Poh wa Malaysia aliweka kamera ndogo ya dijitali kwenye jicho la darubini ya kutazamia ndege, na kwa namna hiyo akawa miongoni mwa waanzilishi wa ufundi ambao leo watu wengi huufanya kwa simu. Darubini moja ya chama cha mazingira, simu moja ya mwalimu, na kipande cha bomba la maji kilichokatwa ili kuishikilia simu isicheze katikati ya jicho la darubini: hicho ni chombo kamili. Picha yake haitashinda mashindano, lakini itakuonyesha kama bata yule ana mdomo wa buluu au wa kijivu.

Naam, na kuna asiyoyaweza hata mwenye lenzi ya mamilioni. Jua likishapanda, hewa juu ya maji hupata joto na kuanza kucheza, na lenzi ndefu huukuza mchezo huo pamoja na ndege. Nimewaona watu wakilaumu vyombo vyao saa sita mchana, ilhali kosa lilikuwa kuchelewa kuamka. Picha zangu zote za kuridhisha zimepigwa kabla ya saa tatu asubuhi. Tena mtaka cha mvunguni sharti ainame: ndege wa maji hupendeza akipigwa picha kutoka usawa wa macho yake, kamera ikiwa karibu iguse maji. Ulaya wako wapiga picha wanaoingia ziwani na kujificha ndani ya kibanda kinachoelea. Asithubutu mtu kufanya hivyo Naivasha. Viboko hawatambui sanaa, na mwalimu aliye na watoto wa wenzake hana ruhusa ya kulala ukingoni alfajiri. Gari lililozimwa injini au mashua iliyotulia na mwendeshaji anayelijua ziwa vyatosha.

Haya yote nayasema kwa nini leo? Kwa sababu hatari niliyoisababisha kwa lenzi fupi mwaka 1996 imegawiwa kila mfuko. Simu ya mkononi ina lenzi fupi mno, na mwenye nayo hana njia ya kumkuza ndege ila kumwendea. Nimeshuhudia ukingoni mwa ziwa mojawapo la Bonde la Ufa vijana wa safari ya shule wakikimbilia kundi la heroe ili liruke, mwenzao akirekodi. Kundi liliruka, ikawa shangwe, ikapatikana video ya sekunde kumi. Kiongozi wa safari alipiga makofi. Heroe walikuwa wakila. Hula kwa kuchuja mwani mdogomdogo majini, mlo unaodai saa nyingi za utulivu. Kila wanaporushwa hupoteza muda wa kula na nguvu walizokwisha kula. Kundi la kwanza la wanafunzi huenda lisidhuru. Lakini je, la pili? La kumi siku hiyohiyo?

Sikuwakemea vijana wale, na ningewakemea kwa ulimi gani? Nilimwita mmoja wao, nikamwazima jicho la kamera yangu, nikamwonyesha heroe aliyekuwa mbali sana nasi. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe anakula kichwa chini!" Dakika moja kabla ya hapo alikuwa amewarusha mamia wa ndege hao bila kumwona hata mmoja.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Ndege aliyekimbia hafundishi ila kukimbia. Ukitaka kujua anavyokula, anavyogombana na jirani, anavyombeba kinda mgongoni kama afanyavyo kibisi, sharti asijue kuwa upo, au akijua asijali. Lenzi ndefu, iwe ya mamilioni au ya bomba la jua kali, hutununulia hali hiyo. Fauka ya hayo, hutuwezesha kuisaidia sayansi. Ndege aliyefungwa pete mguuni na watafiti anaweza kusomwa namba yake pichani bila kukamatwa. Hapa Kenya ndege wa maji wamekuwa wakihesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwaka 1991, kazi inayotegemea sana watu wa kujitolea. Picha yenye tarehe, mahali na idadi ni ushahidi. Picha isiyo na hayo ni pambo.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu. La kwanza, kabla ya safari yoyote ya ziwani, wanafunzi wafanye ile hesabu ya mita 30, 12 na 3, ili wajue umbali unanunua nini. La pili, anayetazamwa ndiye awe kipimo: ndege akiacha kula, akiinua shingo au akianza kusogea, tumekwisha kukaribia kupita kiasi, nasi turudi nyuma hata kama picha haijapatikana. La tatu, kiota kisikaribiwe kabisa, hata na mwalimu, hasa na mwalimu, maana wanafunzi huiga miguu yetu kuliko maneno yetu.

Kuna atakayesema kuwa nawanyima watoto furaha ya kukaribia viumbe. La hasha. Twawafundisha kubisha hodi nyumbani kwa watu na kungoja waitikiwe, wala hatuiti kungoja huko kunyimwa furaha. Ziwa ni nyumba ya wenyewe, na mgeni anayesimama mbali hajadharauliwa.

Miaka mingi baada ya safari ile, nilirudi Naivasha na kopo langu la vioo. Nilimkuta kibisi mwingine kiotani, nikasimamisha mashua mbali, nikalaza lenzi juu ya maharagwe, nikangoja. Baada ya muda ambao sikuupima, kibisi aliinuka. Hakuwa na haraka. Aliokota jani moja lililolowa, akaliweka juu ya mayai, akaokota jingine, na jingine, hata mayai yakatoweka na kiota kikawa kama taka zilizokwama kwenye matete. Ndipo alipoingia majini taratibu. Picha niliyoipata haina yai hata moja. Ni rundo la majani yaliyooza na vikuku vya mwanga nyuma yake.

Niliipeleka katika shule ile ya zamani, nikaomba itundikwe mahali pa ile ya kwanza, na nikawaeleza walimu sababu, mbele ya wanafunzi. Mwanafunzi mmoja aliitazama, akauliza, "Mwalimu, sasa mayai yako wapi?"

Nikamjibu kwamba yako palepale, salama.